Mzee anataka kunikabidhi ufunguo wa programu, wenzake wanauliza mimi ni nani

Shikamoo Anti,

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, nimeolewa na nina mtoto mmoja, naishi Morogoro. Mchana nashughulikia kompyuta za SACCOS moja hapa mjini. Printa ikigoma naitwa mimi, mfumo wa mikopo ukiganda naitwa mimi, meneja akisahau nywila yake naitwa mimi. Usiku nina kazi nyingine isiyonilipa, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Kuna programu moja huria ya kutunzia nywila. Jina lake silitaji, maana wanaoitengeneza ni wachache na nitajulikana mara moja. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma na kupendekeza marekebisho. Niliikuta nikitafuta kitu cha kuwasaidia makarani wetu waache kuandika nywila kwenye vikaratasi na kuvibandika chini ya kibodi. Nikaona haina Kiswahili, nikaitafsiri, wakapokea. Nikarekebisha maelekezo ya matumizi, wakapokea. Baadaye nikajifunza kuilisha programu mafaili mabovu yaliyoharibiwa makusudi, maelfu kwa maelfu, mashine ikifanya kazi mimi nimelala, asubuhi naangalia ni lipi limeiangusha.

Siku moja nikakuta faili dogo sana limeiangusha. Ndani yake kulikuwa na namba inayotangaza urefu wa maandishi yanayofuata. Namba ilisema maandishi ni marefu. Maandishi yenyewe yalikuwa herufi chache. Programu iliiamini namba, ikaendelea kusoma kumbukumbu ya kompyuta kupita pale ilipopaswa kuishia. Na hii ni programu inayobeba nywila za watu, Anti. Huko ilikokuwa inasoma kungeweza kuwa na chochote.

Sikuandika hadharani. Nilifuata maelekezo yao ya usalama, nikamwandikia kwa faragha mzee anayeutunza mradi, ambaye yuko Ulaya. Alijibu siku hiyohiyo. Tukatengeneza pamoja kiraka, yaani marekebisho ya kuziba dosari, toleo jipya likatoka, ndipo dosari ikatangazwa. Nikawekwa kwenye orodha ya shukrani.

Ila jina lililowekwa si langu. Tangu mwanzo natumia jina la kubuni. Niliogopa kazini wasije wakasema natumia muda wao, na pia niliwahi kuona dada mmoja kwenye mradi mwingine akijibiwa maneno ya hovyo kila alipouliza swali, nikasema mimi sitapita njia hiyo. Jina nililochagua wote wamelichukulia ni la mwanamume. Sijawasahihisha.

Sasa mzee ameniandikia kwamba amechoka, mkewe anaumwa, na anaomba niwe mtunzaji mwenza. Anataka nipewe ruhusa ya kuingiza msimbo moja kwa moja na pia ufunguo wa siri wa kutia saini matoleo mapya, unaowathibitishia watumiaji kwamba toleo limetoka kwetu kweli. Anataka jibu kabla ya toleo lijalo, kwa sababu watu wanamlalamikia kwamba mradi umezubaa. Nilifurahi mpaka nikatokwa na machozi. Halafu mchangiaji mmoja wa siku nyingi akaandika mbele ya wote: "Hatujui huyu ni nani. Hakuna aliyewahi kumwona wala kusikia sauti yake. Tumeshasahau yaliyotokea 2024?" Wengine wawili wakamuunga mkono, wakaomba niwashe kamera tuongee. Sikujibu mpaka leo. Anti, niliwafichia dosari yao wakati ningeweza kuwauza, leo naitwa jasusi.

Nyumbani nako hakujatulia. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, mtu mwema. Amesema: "Unakesha, unamaliza bando na LUKU, unawafanyia kazi watu ambao hata soda hawajakununulia. Sasa wanataka wakuongezee mzigo na bado wanakutukana." Sikuwa na la kumjibu.

Nikubali? Nikikubali, nijitambulishe? Au niachane nao kabisa, nilale usiku kama watu wengine? Na kuna jambo dogo linalonisumbua: nataka kumuuliza mzee kuhusu hali yake na ya mkewe, ila naogopa ataona nachunguza mambo ya nyumbani kwake. Hatujawahi kuzungumza lolote nje ya msimbo.

Mimi wa Morogoro

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Kabla ya safu hii nilikaa miaka mingi kwenye chumba cha seva, kwa hiyo usihofu, nimekuelewa hata pale pa kumbukumbu. Na meneja anayesahau nywila namjua. Kila ofisi inaye.

Umeniletea mambo matatu yaliyofungwa pamoja: ufunguo unaopewa, jina unaloficha, na amani ya nyumba yako. Ukiyasoma kwa pamoja yanaonekana yanadai jibu moja, ndiyo au hapana, tena kabla ya toleo lijalo. Mimi naona kila moja lina saa yake. Tuanze na lililokuumiza.

Wasomaji wengine hawajui 2024 kulitokea nini, wacha nieleze. Kuna programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz, imo kwenye kompyuta nyingi mno zinazotumia Linux, mfumo endeshi huria. Kwa miaka mingi iliitunza mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, bila malipo. Mwaka 2021 akajitokeza mchangiaji aliyejiita Jia Tan. Mpole, mchapakazi, marekebisho yake mazuri. Mwaka uliofuata wakazuka watu wengine kumlalamikia Collin kwamba anachelewesha mambo, kwamba awaachie wenye nguvu. Collin akajibu kwamba hamu hajaipoteza, ila amekuwa na matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na akawakumbusha kwamba ule ni mradi wa kujifurahisha usiolipwa. Taratibu Jia Tan akapewa mamlaka. Februari 2024 likatoka toleo 5.6.0, Machi likafuata 5.6.1, na ndani yake mna mlango wa nyuma wa kumruhusu aliyeutega aingie kwenye seva za watu kupitia SSH, njia ya kuingia na kuendesha seva ukiwa mbali. Aliyeunasa ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa waandishi wa hifadhidata ya PostgreSQL. Aliona kuingia kwenye mashine yake kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida, ikamkera, akafuatilia. Alitangaza tarehe 29 Machi 2024, matoleo yale yakiwa bado hayajaingia kwenye mifumo imara ambayo seva nyingi hutumia. Jia Tan ni nani, ulimwengu haujaambiwa hadi leo.

Sasa mweke yule mchangiaji wa siku nyingi mbele ya habari hiyo. Mzee amechoka. Kuna mchangiaji mzuri, mpole, hajulikani. Kuna watu wanaolalamika kwamba mradi umezubaa. Halafu ufunguo unataka kuhamishwa haraka. Ningekuwa yeye ningepiga kelele pia, na pengine ningetumia maneno makali kuliko yake.

Najua hilo halipunguzi maumivu. Lakini angalia kazi unayoifanya wewe usiku. Unaifundisha programu isiiamini namba kwa sababu tu imejitangaza, iipime kwanza. Dosari uliyoipata ilitokana na imani ya bure. Huyo bwana anaomba watu wapimwe kwa kanuni hiyohiyo. Alikosea kuyasema mbele ya wote bila kukuuliza wewe kwanza, na hilo una haki ya kumwambia. Lakini katika barua yako umeandika kwamba umeitwa jasusi, na maneno uliyoyanukuu hayasemi hivyo. Yanasema hawakujui. Hilo, mwanangu, ni kweli.

Hapohapo nami nina swali kwao. Wanadhani kamera itawapa nini? Jia Tan alikuwa na jina la kwanza na la pili, barua pepe, historia ndefu ya kazi nzuri. Anayetumwa na wenye uwezo hashindwi kuleta sura ya kuwekwa mbele ya kamera. Kilichoiponza xz kilikuwa kwenye utaratibu. Vipande vya hila vilifichwa ndani ya mafaili ya majaribio ambayo hakuna anayeyasoma kwa macho, na kifurushi cha toleo kilichopakuliwa na watu kilikuwa na mstari wa kuviamsha ambao haukuwemo kwenye msimbo ulio wazi. Mtu mmoja aliweza kufungasha na kutia saini, na hakuna wa pili aliyelinganisha. Kwa hiyo ukitaka kuwajibu, una jibu zito kuliko uso wako: toleo lolote lisitoke bila watu wawili kulipitia, na kifurushi kiweze kujengwa upya na mtu yeyote kutoka kwenye msimbo ulio wazi, kikatoka kilekile kwa kila biti. Watu wa Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, wamekuwa wakiihangaikia kazi hiyo ya pili tangu 2013. Ukiipendekeza wewe mwenyewe unayeshukiwa, utakuwa umeomba kuwekewa mlinzi. Nani ataendelea kubisha?

Hata hivyo sitaki ujifiche nyuma ya utaratibu kama swali la jina linakukaba. Miradi haifanani. Debian kwa desturi humtaka anayetaka kuwa mwanachama ufunguo wake utiwe saini na wanachama waliokutana naye ana kwa ana. Linux yenyewe haipokei michango ya wasiojulikana, ila mwaka 2023 walilegeza maneno: badala ya kudai jina halisi wakasema utambulisho unaojulikana. Maana yake mtu anaweza kuwa na jina la kazi, mradi jina hilo lina mtu anayewajibika nyuma yake, anayepatikana akitafutwa, na amelibeba siku zote. Wewe la kwako limebeba tafsiri, maelekezo, na dosari moja uliyoitunza kwa heshima mpaka kiraka kikawa tayari. Hilo si jina la juzi.

Kati ya kujificha kabisa na kujianika kabisa kuna ngazi nyingi. Unaweza kumwambia mzee peke yake wewe ni nani, kwa barua iliyosimbwa asiisome mwingine. Unaweza kuongea kwa sauti bila picha na watatu hao, mkiwa na mzee. Unaweza kusema "ni mwanamke, natoka Tanzania, nafanya kazi ya kompyuta kwenye taasisi ya fedha" bila kutaja jina wala mji. Kila ngazi ina bei yake. Likishatoka, neno halirudi. Anayejua taasisi na mji hahitaji ujanja mwingi kufika mezani kwako. Na nisikudanganye, wapo ambao wakijua ni mwanamke watabadili sauti; baadhi watakuwa wapole kupita kiasi, jambo ambalo nalo linachosha. Lakini kubaki ulivyo kuna bei pia. Siku wakigundua wenyewe, kupitia mtu mwingine, wakati tayari umeshika ufunguo wa nywila zao, kimya chako kitasomwa kwa namna nyingine. Umeniambia hukuwasahihisha walipodhani ni mwanamume. Hukuwa na deni la kuwasahihisha. Jiulize tu, ukiwa mtunzaji utaweza kulibeba hilo miaka mitano bila kulichoka?

Sasa ufunguo wenyewe.

Machozi yako ya furaha nayaheshimu. Lakini rudia kusoma ulichoniandikia kuhusu ujumbe wa mzee. Amechoka, mkewe anaumwa, watu wanalalamika. Katika sentensi hizo sijaona mahali alipoeleza namna mtakavyogawana kazi. Anakuheshimu, sina shaka. Ila heshima na uchovu vimekuja kwenye bahasha moja, na wewe umefungua upande mmoja tu.

Nikupe habari ya mtu mmoja. Werner Koch, Mjerumani, alianza kuandika GnuPG mwaka 1997. Ni programu ya usimbaji fiche inayotumiwa na wanahabari, na pia na mifumo ya Linux kuhakikisha vifurushi havijachezewa. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo aliubeba mradi karibu peke yake, mapato yakiwa ya kubangaiza. Mwaka 2013 alikuwa tayari kuacha. Habari za Edward Snowden, aliyefichua upelelezi wa mawasiliano uliofanywa na serikali ya Marekani, zikamfanya aone bado anahitajika. Ilibidi Februari 2015 iandikwe makala kuhusu hali yake ndipo watu wakachanga, na kampuni za Stripe na Facebook zikaahidi dola 50,000 kila moja kwa mwaka. Yaani dunia ilikuwa inalindwa na mtu mmoja anayefikiria kodi ya nyumba, na wanaomtegemea hawakujua.

Na dosari yako, mwanangu, ina ndugu maarufu. Aprili 2014 ilitangazwa Heartbleed, ndani ya OpenSSL, programu iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya tovuti za dunia. Ilikuwa vilevile: mgeni anatuma neno fupi, anadai ni refu, seva inamwamini na kumrudishia hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake, na humo mnaweza kuwa na nywila na funguo za siri. Msimbo ule uliingizwa usiku wa kuamkia mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 2011, ukakaa zaidi ya miaka miwili. Baadaye ikajulikana mradi huo ulikuwa ukipata michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka, na mtu mmoja tu ndiye aliyeufanyia kazi muda wote. Wanaoandika hawakuwa wazembe. Macho yalikuwa machache na yamechoka.

Nakueleza haya kwa sababu swali la "nikubali?" haliwezi kujibiwa mpaka ujue unakubali nini. Mkiwa wawili, na mmoja anaondoka mwakani, umekubali kuwa Koch bila kuambiwa. Mkiwa watano, ufunguo ukigawanywa hivi kwamba hakuna mmoja anayeweza kutoa toleo peke yake, umekubali kitu kingine kabisa. Muulize mzee: anabaki au anaaga? Nani mwingine ana ufunguo? Umeme ukikatika kwako siku mbili na dosari imetangazwa, nani anatoa kiraka? Ripoti za dosari zitafika kwenye barua pepe ya nani? Siku hizi miradi mingi inalia kwamba inafurikwa na ripoti za uongo zilizoandikwa na programu za akili bandia, ndefu, zenye maneno mazito, na kila moja lazima isomwe na binadamu. Mradi wa curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, unaoongozwa na Daniel Stenberg, umelilalamikia hilo waziwazi. Kazi hiyo nayo imo kwenye ufunguo, hata kama hakuna aliyeitaja.

Kuna kitu kingine nataka uchungulie kabla hujajibu. Hao wanaomlalamikia mzee ni akina nani? Wamewahi kuchangia chochote, au majina yao yameanza kuonekana pale walipoanza kulalamika? Sisemi kuna njama. Watu wasio na subira ni wengi kuliko majasusi. Ila haraka ile ndiyo iliyomlegeza Collin, na sasa nakuona nawe unaihesabu kama sababu. Toleo lijalo likichelewa mwezi, nani anaumia? Kama si kiraka cha dosari, pengine hakuna.

Unaweza kukubali yote kama yalivyo. Utajifunza mengi na jina lako litakua, lakini utakuwa umeingia kwenye nyumba ambayo watatu wanakutazama kwa jicho la pembeni, na kosa la kwanza la kawaida, ambalo kila mtunzaji hulifanya, litasomwa kama ushahidi. Unaweza kuomba nusu: ruhusa ya kupitia na kuingiza msimbo bila ufunguo wa saini, kwa kipindi mtakachokubaliana, wakikuzoea huku ukiwazoea. Hatari yake ni kwamba mzee anaweza kuzidiwa kabla kipindi hakijaisha, na wewe ukabaki unaona mradi unazama bila uwezo wa kuutoa. Unaweza kubaki mchangiaji kama zamani na kusema hivyo bila aibu. Mtu anayejua kuangusha programu kwa mafaili mabovu ana thamani hata kama hashiki ufunguo wowote. Au unaweza kuondoka. Wapo wanaoondoka na maisha yanaendelea, wao na miradi. Ila ukiondoka kwa sababu ya ile sentensi ya mchangiaji mmoja, fahamu kwamba utakuwa umempa yeye uamuzi wako. Ukiondoka kwa sababu unataka kulala, huo ni wako.

Hapo ndipo anapoingia mumeo, na mimi siko tayari kumweka upande wa maadui. Amesema bando, LUKU na soda. Nasikia kitu kingine chini yake: kwamba anakukosa usiku, na kwamba anaona unatukanwa na wewe unaendelea kuwatumikia. Je, anajua unafanya nini hasa? Umemwonyesha lile faili dogo na namba yake ya uongo? Ni mwalimu, kitu kama hicho anaweza kukielewa kwa dakika chache, na kuelewa kunabadilisha mazungumzo hata kama hakubadilishi msimamo. Au huenda akaelewa vizuri na bado akasema usiku wa nyumba hii haupo wa kugawa. Atakuwa na haki ya kusema hivyo, nawe utakuwa na haki ya kutokubali, na mtaongea kama watu wawili wenye mtoto.

Kuhusu pesa, usiionee haya hoja yake. Kujitolea kwa furaha ni jambo moja, kulipia wengine usalama wao kwa bando lako ni jingine. Ipo misaada ya kweli kwa miradi ya aina hii. Taasisi ya NLnet ya Uholanzi hutoa ruzuku hata kwa mtu mmoja mmoja. Ujerumani ilianzisha mwaka 2022 mfuko wa serikali wa kulipia matunzo ya programu huria zinazotegemewa na umma. Hakuna uhakika wa kupata, fomu zina maswali mengi, na kwa kawaida anayepewa fedha hutakiwa ajulikane jina, kwa hiyo suala la utambulisho litarudi kwa mlango mwingine. Lakini ni haki kumwambia mzee: nikishika ufunguo, kazi ya kwanza tutakayoifanya pamoja ni kuomba fedha. Akishtuka, umejifunza kitu kuhusu anavyouona muda wako.

Mwajiri umemgusa kidogo tu, nami naona anastahili zaidi. Soma mkataba wako wa kazi, pale panapozungumzia kazi unazobuni ukiwa mwajiriwa. Baadhi ya mikataba huchota kila kitu, hata cha usiku. Kama maneno yana utata, tafuta mwanasheria akusomee kabla hujaingiza msimbo mwingi zaidi, maana mradi nao unaweza kupata shida wakidaiwa msimbo ambao hukuwa na mamlaka ya kuutoa. Laptopu ya ofisi isiguse kazi hii hata kidogo. Na majaribio yako ya kuangusha programu yabaki kwenye mashine yako na nakala yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina mzaha kwa anayeingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa, hata akiwa na nia safi, na seva za SACCOS si mahali pa kujaribia lolote.

Umebaki na lile ulilosema ni dogo, la kumuuliza mzee hali yake. Mwenyewe ndiye aliyekutajia ugonjwa wa mkewe. Mtu anayetaka faragha hasemi hivyo kwa mtu ambaye hajawahi kumwona. Nadhani alikuwa ameacha mlango wazi na wewe ukapita ukiangalia ufunguo tu, jambo ambalo si ajabu kwa mtu aliyepata habari kubwa ghafla. Jibu lake litakusaidia pia kujua kama anatafuta mwenzake wa kazi au anatafuta pa kushusha mzigo, na hayo mawili ungepaswa kuyajua kabla ya kuamua chochote. Mwandikie leo. Mpe pole ya mgonjwa, muulize mkewe anaendeleaje na yeye analala saa ngapi. Barua hiyo ya kwanza isiwe na neno hata moja kuhusu ufunguo.